Paswadi Nisiyotaka Kuijua

Kismayo, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Mwanakheri,

Nakuombea kwa Mola kila jema ambalo mama huombea mwanawe, na yale ambayo sijui hata kuyataja. Umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako, na najua watakuchelewesha, kwa sababu kila nyumba itataka kukulisha. Nimefunga chumba cha kompyuta mapema. Wateja wameondoka, kasha la kompyuta nimelizima, na feni imesimama. Nimeona nikuandikie kabla hujarudi, maana ukikaa mbele yangu nitakuuliza kama umetia chandarua kwenye mzigo, wewe utanijibu umetia, na mazungumzo yataishia hapo hapo.

Sitakuandikia habari za swala, wala za chakula, wala nani wa kumwamkia kwanza ukifika kisiwani Chula. Hayo nimekufundisha kwa miaka na kama hayakuingia, barua haitayaingiza. Nataka kukuandikia niliyokosea mimi.

Unajua kwa nini unakwenda. Hata hivyo naliandika wazi, kwa sababu wewe na mimi tumekuwa tukilizunguka jambo hili kama watu wanaozunguka shimo uani. Hakimu wa huko Ulaya amekubali kuisikiliza kesi ya baba yako mara moja zaidi, na wakili ametuambia kwamba baada ya hiyo hakuna nyingine. Bibi yako, mama yake, hawezi tena kupanda boti, kwa hiyo atatoa ushahidi kutoka Chula, katika chumba cha shule, mbele ya lile kasha jipya tulilolitengeneza na kulifunga pamoja wewe na mimi wiki hii. Kesi ikikatika tena katikati, baba yako atapandishwa ndege. Watamshusha Mogadishu, mji ambamo hajawahi kulala hata siku moja na hana ndugu wa kumfungulia mlango. Jambo lenyewe ni hilo. Mengine yote, shule, watoto watakaojifunza kupiga chapa, mshahara wako mdogo, yatafuata baadaye.

Wamemkatalia hifadhi kwa sababu ya ulimi wake. Walimketisha mbele ya mkalimani, wakamwambia aseme Kibajuni, naye akasema "mtu" pale mama yake angesema "mchu". Wakaandika kwamba huyu ni wa Mombasa, si wa visiwa vya Somalia. Lakini angesemaje? Tulitoka visiwani wadogo, mimi na yeye, vita vilipoingia. Tulikulia kambini Mombasa, tukasoma sekondari Mombasa, na mwalimu alituchapa kwa kusema hicho hicho wanachokitaka leo. Wa kumtolea ushahidi aliyebaki ni aliyemzaa.

Sasa nikurudishe nyuma, siku tulipokifungua chumba hiki, tuliporudi Kismayo kutoka Mombasa. Ulikuwa mdogo, ulikuwa unakaa chini ya meza ukicheza na mifuko ya waya. Kompyuta ilikuwa moja tu, lile kasha jeusi, na kutoka humo nyaya zilikwenda kwenye visanduku vidogo sita, na kila kisanduku kilikuwa na skrini, kibodi na mausi yake. Tukaviita viti. Ami Shali, ami wa baba yako, alipokuja kutazama, alizunguka chumba chote akitafuta.

"Na kompyuta nyingine ziko wapi?"

"Ami, ni moja tu hiyo. Sita zote zinakula kwake."

Akacheka, akapiga goti kwa mkono. "Basi hili ni sinia! Kila mchu na upande wake wa wali."

Nilifurahi alivyolielewa haraka. Sikuliwaza neno lake zaidi ya hapo. Sinia likimwagika, hakuna anayebakiwa na upande wake.

Siku zile za mwanzo nilikuwa nikikosea na kucheka. Nakumbuka niliunganisha kiti cha tatu na cha nne bila kuvipanga. Kasha likiwashwa, kila skrini hukuomba ubonyeze herufi fulani kwenye kibodi yako, ili lijue kibodi gani ni ya skrini ipi. Mimi nilibonyeza kinyume. Kijana mmoja wa bandarini akakaa kiti cha tatu kumwandikia mchumba wake, na maneno yake yote yakawa yanatokea kwa mzee mmoja aliyekuwa akisoma habari kiti cha nne.

"Waryaa!" yule mzee akapiga kelele kwa Kisomali. "Nani ananiita mimi asali?"

Chumba kizima kilivunjika mbavu, na kijana akatoka bila kulipa na hakurudi wiki mbili. Nikajifunza kuanza na waya. Kiti kikigoma, usiguse kasha. Tazama waya, kwa sababu mara nyingi ni mguu wa mtu umeupiga teke. Kisha azima kibodi ya jirani uone kama tatizo linahama nayo. Kisha ukifunge kiti hicho kimoja na kukifungua tena ukiwa kwenye kiti chako cha msimamizi. Kasha lenyewe ni la mwisho, kwa sababu ukiligusa hilo umewagusa wote. Haya yote unayajua kuliko mimi. Ninayaandika ili uone kwamba nilikuwa nikiyajua hata wakati ule. Sikukosea kwa ujinga.

Nilikosea kwa adabu.

Siku ya pili au ya tatu, Ami Shali alikuja na kofia mpya, akakaa kiti cha sita, kilicho karibu na feni, kile alichokifanya chake hadi leo.

"Mkwe," akaniambia, "ufunguo wa mashine hii u wapi?"

"Ufunguo gani, ami?"

"Huo unaouandika wewe asubuhi, wachu hawajaingia."

Alikuwa anataka paswadi ya msimamizi. Nilikuwa nimesoma namna ya kufanya: kila mtumiaji akaunti yake ya kawaida, ya kuandikia na kusomea, na akaunti ya msimamizi iwe kwa mmoja tu, yule anayeweza kuweka programu, kusasisha, kuzima na kuwasha upya. Maneno yalikuwa mdomoni kwangu. Lakini Ami ndiye aliyetutia botini siku ya vita, mimi nikiwa nimeshika sufuria tupu na kulia kwa ajili ya kuku. Nyumba hii yenye chumba chetu ni yake. Na kwetu visiwani, mlango haufungwi mchana kwa ndugu. Ukimkuta mtu amepiga komeo na jua linawaka, unajua ama ana cha kuficha, ama amekasirika nawe. Ningemwambia Ami, "Karibu, ila chumba cha ndani si chako," ningekuwa nimempigia komeo usoni.

Nikamtamkia ile paswadi herufi moja moja, naye akazirudia kama mtoto wa chuoni anayesoma juzuu. Na kwa ukarimu wake, naye hakumnyima mtu. Mwanawe aliipata, mkwewe aliipata, wavuvi wanaomuuzia kambamti waliipata. Kabla ya mwezi kwisha kila mtu alikuwa msimamizi wa chumba changu, na mimi nilikuwa nafuta vumbi.

Kosa la pili lilikuwa la ubahili. Intaneti yetu ilikuwa ya kupimwa, na apdeti za Windows zinakula sana. Kwa hiyo kila mashine iliponiuliza, nilibonyeza "baadaye". Nikaifungia njia kabisa isivute chochote. Ilifanya kazi vizuri tu, mwezi baada ya mwezi, na nikaanza kujiona mjanja. Kisha ikaja kesi ya baba yako, na kwa ajili ya siku hiyo nikanunua kifurushi kikubwa na kuifungulia mashine njia, ili picha zisikatike. Kasha likakuta njia pana. Likavuta yote niliyolinyima, likayapanga, likabaki linasubiri kitu kimoja tu, kuwashwa upya. Jioni ile niliiona alama ndogo ya rangi ya chungwa pembeni mwa skrini. Nikajiambia, kesho, baada ya kesi.

Unaikumbuka siku yenyewe, lakini ulikuwa mtoto, na nadhani unakumbuka vipande. Wacha nikuandikie nilivyoiona mimi.

Bibi alikuwa amekuja kwa boti kutoka Chula na alitapika njia nzima. Nilimkalisha kiti cha kwanza, nikamvisha vile visikilizio juu ya mtandio, na alikuwa akivishika kwa mikono miwili kama anayeogopa vitaruka. Hakimu alikuwa pale kwenye skrini, na mkalimani, na wakili, na baba yako pembeni amevaa shati tulilomtumia. Sikufunga chumba kwa wateja. Hilo nalo ni kosa, lakini siku zile nilikuwa siwezi kumwambia mtu "leo hapana". Ami Shali alikuwa kiti chake, anaandikiana na mnunuzi wake. Wewe ulikuwa kiti cha pili, unajifunza kupiga chapa.

Wakamuuliza bibi, Athmani umemzaa wapi?

Bibi akavuta pumzi. "Athmani nimemzaa Chula, nyumba ya—"

Skrini zote sita zikawa nyeusi.

"Umeme!" mtu akasema.

"Umeme gani, feni si hiyo inazunguka!"

"Waryaa, nani amekata?"

Na katikati ya makelele hayo bibi yako aliendelea kuitazama ile skrini nyeusi. "Athmani? Athmani, wanisikia?" Hakuwa amejua kwamba amekatika. Alidhani wamenyamaza wamsikilize.

Kibodi ya Ami ilikuwa imeganda. Waya wake ulikuwa umechomoka nusu, niliukuta baadaye, ulipigwa teke na mguu wake mwenyewe. Akafanya anavyofanya simu yake ikiganda. Alikuwa ameingia kwa ile paswadi yangu. Akachagua kuzima na kuwasha upya. Skrini ilimuonya kwa Kiingereza kwamba wengine bado wanatumia kompyuta hii, akabonyeza ndiyo, kwa sababu ndiyo ndilo neno alilozoea kulibonyeza.

Kama ingekuwa ni kuwasha upya tu, ingerudi upesi na hakimu angesubiri. Hakimu anasubiri mambo madogo. Lakini apdeti zangu za miezi yote zilikuwa zimejipanga mlangoni. Skrini zikawaka bluu: inasasishwa, usizime kompyuta. Asilimia zikapanda, zikapanda, kisha zikasimama. Bibi anaita. Wateja wanaguna. Ami amesimama nyuma yangu: "Izime uiwashe, mkwe! Izime uiwashe! Simu yangu hufanya hivyo!" Na mimi niliyesoma, niliyejua, niliyekuwa nimewaandikia wengine ukutani wasizime kasha wakati wa apdeti, nilikibana kile kitufe cha mbele hadi kasha likafa mikononi mwangu.

Lilipowaka, lilikuwa linatengua kila lililokuwa limefanya. Lilitengua na kujizima na kuwaka na kutengua tena. Nikakimbilia simu, na nikagundua kwamba kiungo cha mahakama kiko ndani ya kasha, namba ya wakili iko ndani ya kasha, kila kitu nilikiweka humo kwa sababu humo kilikuwa salama. Adhana ya adhuhuri ilipolia, kasha lilirudi, zuri, safi, kama halikufanya kitu. Kesi ilikuwa imekwisha zamani. Hakimu aliandika kwamba ushahidi wa mama haukusikika.

Hapo ndipo linapokuja lile ninalotaka ulisome polepole. Bibi aliuliza, "Ni nani amenizimia mwanangu?" Wewe ulikuwa umeona. Kiti cha pili kinatazamana na cha sita. Ulifungua mdomo: "Mama, si ni babu Sha—"

Nikakukata. "Nyamaza! Watoto hawasemi mbele ya wazee."

Nikamgeukia bibi nikasema mashine imeharibika yenyewe.

Katika shajara yangu siku ile niliandika mstari mmoja tu, kwamba kesi haikusikika. Mimi ninayeandika hata bei ya mafuta ya taa na hali ya upepo, sikuandika nani alifanya nini. Nilijiambia nimemfichia mzee aibu. Nilijiambia hiyo ndiyo adabu, na wewe umeona adabu inavyofanywa. Lakini tazama ilivyozaa. Ami Shali hakujua alilolifanya. Hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo alirudi Chula na kusema kwa moyo safi kabisa kwamba mashine za Khadija ni mbovu na hufa katikati ya maneno ya watu. Bibi yako alimwamini, na alitoa neno kwamba hataki kuniona tena nikiwa karibu na kesi ya mwanawe. Ndiyo maana unakwenda wewe na mimi ninabaki. Umeniuliza mara nyingi, nami nikakujibu kwamba chumba hakiwezi kuachwa. Chumba kingeachwa. Bibi hanitaki. Amesema atakaa mbele ya skrini ikiwa tu mjukuu wake ndiye atakayeishika mashine.

Na wewe, uliyenyamazishwa, ulijifunza nini siku ile? Hilo ndilo linaloniamsha. Nimekuona ukikua. Nimekuona mteja akija na flashi yenye virusi, wewe unajua ina virusi, na kwa kuwa ana ndevu nyeupe unamfungulia. Nimekuona ukirekebisha makosa ya watu wakishaondoka. Hukuzaliwa hivyo. Nilikufunga mdomo mimi.

Kuhusu lile kasha la Chula, tumelifanya jinsi lilivyotakiwa kufanywa la hapa. Limesasishwa lote, hakuna kinachosubiri mlangoni. Tumeliwasha upya mbele ya macho yetu, tena na tena, viti vyote sita vikarudi. Akaunti ni za kawaida, kila mtu na yake, na Ami Shali ana yake yenye picha ya boti aliyoipenda. Ameondolewa amri ya kuzima, kama wengine wote. Kitufe kiko ndani ya kabati alilotutengenezea fundi wa mashua, na nyuma ametoboa matundu ya hewa kwa mpangilio kama anapamba mlango. Siku za kesi zikikaribia utalisasisha tena mapema, betri za jua zikiwa zimejaa, chumba kikiwa kitupu, kisha utazisimamisha apdeti hadi kesi ipite. Likisimama kwenye asilimia fulani, toka nje. Tembea hadi msikitini na kurudi. Mashine huonekana imekufa ilhali ndani inafanya kazi, na mimi nilijifunza hilo kwa gharama ya baba yako. Na namba za watu ziandike kwenye karatasi.

Jana ulipotaka kunitajia paswadi uliyoichagua, niliziba masikio na kukimbilia jikoni. Wewe ulicheka.

"Mama, na nikifa je?"

"Ukifa tutanunua kasha jingine."

"Na ukitaka kunisaidia kutoka huku?"

"Nitakuongoza kwa simu. Utaandika wewe."

Ulidhani ninafanya mzaha. Mwanangu, sikuitaka kwa sababu ninajijua. Ami akija hapa, akaketi kiti cha sita, akanywa kahawa yangu, akaniita mkwe, akaniuliza kwa upole, nitamtajia. Nimeona mikono yangu inavyofanya. Nimefikiri ni salama zaidi nisiwe nayo, kama mtu anayejua udhaifu wake na hakai karibu na duka la kitu kinachomshinda.

Basi leo, ulipotoka tu, Ami amepiga simu kutoka Chula. Nilikuwa nimejiandaa kumdanganya. Nitakuandikia tulivyosema, ili usikie kutoka kwangu kabla hujasikia kutoka kwa wengine.

Alianza kwa salamu ndefu. Akauliza boti itatoka saa ngapi, akasema atakuwepo mwenyewe kukupokea, na amekwisha kuandaa chumba chako kwa mwanawe. Kisha akasema, "Mkwe, mwambie mtoto akifika tu anipe ule ufunguo. Safari hii nitaisimamia mwenyewe mashine. Ikileta ubovu kama wa kwako siku ile, nijue la kufanya. Sitakubali mwana wa ndugu yangu apotee mara mbili."

Unaona? Anaitaka kwa mapenzi. Anaitaka ili aweze kuizima na kuiwasha.

Nikamwambia, "Ami, mtoto hatakupa."

"Hatanipa mimi?"

"Hatampa mtu."

"Khadija. Chumba kile cha shule nimekijenga mimi. Mabati yake ni yangu. Msichana atie komeo ndani ya nyumba yangu, na mimi niko nje?"

Nilikuwa naweza kusema ni sheria ya mahakama, au ni wakili kakataza. Uongo ulikuwa umeshapangika. Badala yake nilisema, "Ami, siku ile mashine haikuharibika. Kibodi yako iliganda, ukalizima kasha lote. Ulikuwa na paswadi kwa sababu nilikupa. Kisha nami nikaimaliza kwa kukibana kitufe. Tulimzima sisi wawili."

Nilifikiri imekatika, nikaitazama, bado ilikuwa inahesabu dakika.

"Umekaa na hilo miaka yote hii," akasema.

"Nimekaa nalo."

"Na leo unanitwika. Leo, nikiwa nimekwisha kuwaambia wachu wote ni wewe."

"Ndiyo, ami."

"Mwezi ukiisha nataka chumba changu cha Kismayo," akasema. "Toa mashine zako. Na huku Chula usije. Nikisikia umekanyaga ufuo huu, nitaondoka mimi."

Akakata. Hakutukana, na nilitamani angetukana.

Simlaumu. Nilimwacha aseme uongo kwa miaka akidhani ni kweli, na nikamwambia siku ambayo hakuwa na njia ya kuurudisha kinywani. Ukweli ule ulikuwa haki yake tangu adhuhuri ile, na ungekuwa mdogo kama ningemwambia palepale. Chula nilikuwa nikiitaka. Kaburi la mama yangu liko huko, na nilikuwa nimejipa moyo kwamba kesi ikisikika vizuri, bibi yako atalainika, nami nitakuja Idi. Sasa sitakuja. Chumba hiki nacho kitakwenda, na sijui nitaziweka wapi skrini. Pengine kwa shangazi yako, kwenye ile sebule inayovuja.

Kesho Ami atakuwa ufuoni kukupokea, kwa sababu akishaahidi haachi. Mwamkie, mbusu mkono kama siku zote. Uso wake utakuwa mgumu na utajua sababu. Usimtetee mama yako, na usimsute. Kaa nyumbani kwa mwanawe kwa heshima, mfundishe kutumia akaunti yake, na kibodi yake ikiganda kitazame kiti chake kabla hujaangalia cha mwingine yeyote. Yeye ni mzee wetu, na anampenda baba yako.

Lakini watakujia kwa njia nyingine. Hatakuomba tena yeye, atakuwa na haya. Atakuja mkewe, au mwanawe, na kukwambia: mpe babu ufunguo, moyo wake utapoa, na mama yako ataachiwa chumba chake. Watakuambia nimeshatolewa, niko nje na waya zangu shingoni. Pengine itakuwa kweli. Utaona ni jambo dogo, neno moja la herufi chache, na mama yako ananyeshewa.

Usiwape. Hakimu akishafunga kesi, kwa heri au kwa shari, mpe Ami akitaka, wakati huo haitamdhuru mtu. Kabla ya hapo hapana. Na sasa nakuandikia la mwisho, ambalo ndilo nililoshikia kalamu. Mimi ninajijua. Siku ya kwanza watakapotoa meza zangu barabarani, nitakuwa na nguvu. Siku ya pili pia. Lakini inawezekana siku moja nitakupigia simu mimi mwenyewe, na utasikia sauti yangu, nitakuita mama, nitakuita roho yangu, nitakuambia nimefikiri upya, mpe tu, yaishe. Usinisikilize. Usinijibu kwa adabu, wala usinieleze. Kata simu, urudi ukakae na bibi yako.

Mama yako,
Khadija